Chenin Blanc moja tamu nyingine kali, nimepigwa?

SWALI: Dada shikamoo. Mwezi uliopita kwenye sendofu ya binamu yangu kulikuwa na mvinyo mweupe umeandikwa Chenin Blanc, mtamu una kaharufu ka asali, nikaupenda balaa. Juzi nikajinunulia chupa dukani, jina hilohilo, kufungua nakutana na ukali kama nimekamuliwa ndimu mdomoni. Nimeuziwa feki?
Mnywaji Mpya, Kigamboni

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hujapigwa. Chenin Blanc ni jina la zabibu yenyewe, sio la kampuni, ni kama embe dodo tu, kuna atakayelila bichi na chumvi na pilipili na kuna atakayesubiri liive atengeneze juisi, na lote ni dodo.

Hii zabibu kwao ni Ufaransa, bonde la mto Loire, na huko sehemu moja tu inaitwa Vouvray wanatoa mkavu (yaani usio na utamu), nusu tamu, mtamu kabisa mpaka wa mapovu, vyote kwa zabibu hiyohiyo! Yenyewe ina asidi nyingi kwa asili, ukiichuma mapema unapata ule ukali wa tofaa bichi, ila wengine wanaiacha kwenye mzabibu mpaka inaiva kupitiliza na kushikwa na ukungu, maji yanakauka ndani ya tunda sukari inabaki nzito, ndo hapo asali inapotokea. Halafu kuna hamira, ikiachwa imalize kula sukari yote mvinyo unakuwa mkavu, ikikatishwa njiani utamu unabaki.

Madukani kwetu nyingi zinatoka Afrika Kusini. Kule walizoea kuiita Steen, miaka na miaka wanailima hawajui kwamba ndo Chenin Blanc mpaka ilipokuja kutambuliwa miaka ya 1960, na nyingi ilikuwa inaishia kwenye brandi (uharibifu, kama unaniuliza mimi). Leo wanailima kuliko zabibu nyingine yoyote, Wafaransa wenyewe wameachwa. Na Dodoma ipo pia, pamoja na ile nyekundu ya Makutupora, tena wetu wanavuna mara mbili kwa mwaka wakati Loire ni mara moja.

Siku nyingine soma lebo. Ukiona "dry" au "sec" ujue ni mkavu, "demi-sec" au "semi-sweet" ni nusu tamu, "moelleux" ndo saizi yako. Na hiyo chupa usiimwage jamani, itie friji mpaka ipate ubaridi wa maana kisha kaanga changu wako, weka na kachumbari ya pilipili, huo ukali utafanya kazi ambayo ndimu ingefanya.

SWALI: Dada, chini ya chupa ya mvinyo mweupe nimekuta vitu vinang'aa kama chenga za glasi, niko salama kweli?
Baba Wawili, Mwanza

JIBU: Mara nyingi sio glasi kaka, ni asidi ya zabibu imegandishwa na baridi la friji ikawa chenga, haina madhara. Ila usibahatishe, chukua kachenga kamoja kadogo tumbukiza kwenye kikombe cha maji ya moto ukoroge. Kakiyeyuka, mimina taratibu chenga zibaki chini, endelea. Kakigoma, rudisha chupa dukani.