"Mzee wenu hajafika?"

Mwaka jana mwezi wa sita tulienda kupeleka posa Mbagala, mtoto wa marehemu kaka yangu ndo alikuwa anataka kuoa, na kwa kuwa baba yake hayupo mimi ndo baba mdogo, yaani ndo mzee wa msafara. Tulikuwa wanne, mi, mshenga, shemeji yangu na kijana mmoja wa jirani wa kubeba mfuko. Tumekaribishwa vizuri, tumekaa kwenye kochi, juisi ya ukwaju imekuja, mwenye nyumba akatuangalia mmoja mmoja akatabasamu akasema, "Karibuni sana wanangu. Sasa tuanze, au tumsubiri mzee wenu?"

Mzee mwenyewe ndo mimi. Nina miaka 47, nina mvi za kutosha na watoto watatu, ila siku hiyo nilikuwa nimevaa jinsi iliyopauka magotini na fulana ya promosheni ya laini ya simu, mgongoni imeandikwa JISHINDIE BODABODA. Mshenga akakohoa akasema mzee ndo huyu hapa, yule baba akaomba radhi weee mpaka mi ndo nikaona aibu. Posa ilipokelewa, tunamshukuru Mungu, ila kwenye gari wakati wa kurudi hakuna aliyeongea mpaka tumefika Mtoni Mtongani, af shemeji akaanza kucheka na hajaacha mpaka leo.

Basi naandika kuhusu kuvaa, kwa ajili ya wanaume wenzangu wa rika hili, maana najua siko peke yangu. Mi ni fundi kompyuta, zaidi ya miaka 20 kazi yangu ilikuwa kuingia chini ya meza za watu kutafuta waya, sasa shati la nini. Fulana na jinsi basi. Tatizo ni kwamba kazi ilibadilika, sa hivi nina vijana ndo wanaingia chini ya meza, mi ndo nakaa na wateja kuongea bei, lakini kabati langu halikupewa taarifa.

Usiku ule nikamwaga nguo zangu zote kitandani. Fulana 31. Nilizonunua mwenyewe hazifiki 10, zingine zote za bure: za semina, za kampeni za uchaguzi, za msiba wa mjomba zenye picha yake, mahafali ya shule ya mtoto, jezi za Simba mbili. Jinsi nne. Shati lenye kola lilikuwa moja tu, na nilipolifunga vifungo nikakaa kitandani, kifungo cha tumboni kikafunguka chenyewe. Mama Nasra alikuwa mlangoni anaangalia, hakusema kitu, akaenda zake kulala.

Hilo la kukaa chini lichukue, ni la maana kuliko unavyodhani. Sisi tukijaribu nguo tunasimama mbele ya kioo, tumbo limevutwa ndani, pumzi imebanwa, ukiangalia umependeza. Wakati siku nzima unashinda umekaa, kwenye gari, ofisini, kwenye kikao cha harusi. Kwa hiyo vaa, funga kila kifungo, kaa, nyoosha mikono mbele kama umeshika usukani. Nguo ikilalamika hapo siyo yako tena, ilikuwa ya yule wewe wa miaka kumi iliyopita, mpe mdogo wako.

Sasa kosa langu. Mtu ukishaumbuka unataka ubadilike kwa wiki moja, mi nikakimbilia suti. Nikaenda duka moja Kariakoo, kijana akaniona tu akajua huyu ana machungu, akanitolea suti ya bluu inayong'aa kama imepakwa mafuta, suruali ya modo, "bosi imekukaa hiyo, hii ukiivua mke wako atalia." Laki na elfu themanini. Jumatatu nikapanda nayo mwendokasi Kimara asubuhi, mwezi wa kumi na moja, joto lishaanza, watu tumebanana mpaka Kivukoni, nashuka mgongo wote umelowa na koti limeganda kama nimemwagiwa uji. Nafika ofisini, kijana wangu wa kwanza kuniona akaniuliza kwa heshima kabisa, "Kaka, una kesi leo?"

Nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi cherehani pale Ilala, anakaa barazani na cherehani yake ya miguu, nilitaka anitanulie mapaja tu. Akaishika, akanivalisha koti, akaninyooshea kidole begani akasema, "Hii suti ya nani?" Nikamwambia yangu. Akasema, "Bega si lako."

Na hapo ndo nikapata elimu ambayo naamini ingenipunguzia hasara nyingi. Mshono wa bega unatakiwa ukae pale mfupa wa bega unapoishia, usiteremke kwenye mkono, usipande shingoni. Bega ndo kitu kigumu kurekebisha kwenye nguo iliyokwisha shonwa, inabidi afumue mkono mzima, pengine na kola, na gharama yake bora ununue nyingine. Lakini ubavuni anapunguza, mikono anakata, kiuno cha suruali anaweza kukiongeza kama mwanzo waliacha kitambaa cha kutosha kwenye mshono wa nyuma, ndo maana yule mzee kabla hajaongea bei anageuza suruali ndani nje anaangalia huo mshono. Urefu ndo kazi ya dakika kumi. Kwa hiyo ukichagua shati angalia bega na shingo, ukichagua suruali angalia makalio na mapaja, mengine muachie fundi. Shingo unaingiza vidole viwili kati ya kola na koo ukiwa umefunga kifungo cha juu, vikipita vizuri umepata. Mi miaka yote nilikuwa nasema navaa 15, mzee kunipima ni 16 na nusu.

Toka hapo sijanunua tena nguo mpya ya dukani, mashati yangu karibu yote ni mtumba wa soko la Karume. Najua kuna watu wataguna, mtu mzima na mtumba, ila asee nenda ukaone. Shati zuri la pamba, mshono wa maana, kola haijachoka, elfu nane, elfu kumi na mbili likiwa kali sana. Unaenda asubuhi siku wanafungua belo, unamuambia mapema muuzaji mmoja unachotaka, anakuwekea. Wa kwangu ni kijana aliunguliwa na meza yake ule moto uliochoma soko Januari 2022, akaanza upya na mkeka chini, sa hivi ananipigia simu mwenyewe, "mzee kuna kumi na sita na nusu mbili hapa." Zamani alikuwa ananiita braza, sijui ni lini ilibadilika, nimeamua nisiulize.

Ukifika angalia lebo ya ndani. Kama imeandikwa pamba asilimia mia chukua, ikiwa poliesta tupu rudisha hata kama rangi imekuua. Kwa Dar hii poliesta ni adhabu, jasho halina pa kwenda, na harufu ikishazoea kitambaa hicho haitoki kwa sabuni. Kitani nacho ni kizuri ajabu kwa joto ila kinajikunja ukikiangalia tu, mi nimejaribu nimeshindwa, wanaoweza ni wale wenye mtu wa kuwanyooshea. (Na hili linanichekesha halafu linaniuma, pamba tunalima wenyewe Simiyu na Shinyanga, shati la pamba nalipata kwenye belo la Ulaya. Tuendelee.)

Geuza kwapa uangalie mwangani kama kuna njano. Njano ya kwapa haitoki kirahisi, na usidanganyike utaitoa na jiki, jiki ndo inaizidisha. Kola isugue kwa kidole, kama ina vinyoya ishakula chumvi nyingi hiyo.

Rangi mi nimekuwa mtu wa kuboa na sijutii. Nyeupe, bluu ya mwanga, bluu iliyoiva, suruali kijivu na kaki na moja rangi ya ugoro. Faida yake unavaa gizani umeme umekatika na bado unatoka unaeleweka, maana kila shati linakubali kila suruali. Nina moja tu ya damu ya mzee, mama Nasra ndo kachagua, na ndo watu wanaisifia kuliko zote, kwa hiyo labda msinisikilize sana kwenye rangi.

Suruali kadeti mbili zinakutosha kuanzia, na za kitambaa mbili. Sisi wenye kitambi tuna ugonjwa wa kufunga mkanda chini ya tumbo, suruali inashuka nyuma, mbele inajikusanya kwenye viatu kama pazia. Panda juu kidogo, zifungie kiunoni, na muombe fundi akuwekee marinda mbele, vijana watasema ni za babu, waache, ukikaa utanikumbuka. Kuhusu kuchomekea, angalia mkia wa shati: ukiwa mrefu umekatwa mviringo hilo ni la kuchomekea, ukiwa umenyooka na mfupi unaweza kuachia nje. Mi nilikuwa naachia kila kitu nje nikidhani nauficha mwili, kumbe nilikuwa nimevaa hema.

Fulana sijazitupa zote, msinielewe vibaya. Nimebakiza sita na jezi, za nyumbani na Jumapili jioni. Kwa siku za kawaida nimeingia kwenye fulana za kola, zile tunaziita fomu siksi, hizo ndo daraja la mtu anayetoka kwenye fulana, zinasamehe kitambi na ukikutana na mteja ghafla huaibiki.

Halafu kuna Kaunda suti. Hii nimechelewa kuijua na naona kama kizazi chetu tuliidharau bure kwa kuwa tuliwaona baba zetu na makatibu kata wamevaa. Jina limetokana na mzee Kenneth Kaunda aliyekuwa rais wa Zambia 1964 mpaka 1991, na ukiifikiria ni nguo iliyotengenezwa kwa hali yetu: mikono mifupi, hakuna tai, hakuna shati ndani, mifuko ya kutosha simu na miwani, na bado hakuna mtu atakuuliza mzee wako yuko wapi. Yule fundi wangu anazikata vizuri sababu amezikata toka ujanani, vijana wengi wanakushonea shati nene tu wanakuambia ndo Kaunda. Nilinunua kitambaa cha kijivu mita tatu na nusu kikabaki kipande, akanishonea kofia ambayo sijawahi kuivaa.

Viatu nisikufiche, viliniaibisha zaidi ya ile fulana. Nilipata moka za ngozi mtumba, nyeusi, nzuri, soli hata haijakwaruzika, elfu ishirini na tano nikaona nimemuibia muuzaji. Nimevaa kwenye kikao cha kamati ya harusi, nasimama kwenda kuchangia naona watu wanaangalia chini, nageuka, nimeacha vipande vyeusi nyuma yangu kuanzia kwenye kiti mpaka mbele, soli inamong'onyoka kama keki. Kumbe kuna soli laini nyepesi ambazo kiatu kikikaa stoo miaka bila kuvaliwa unyevu unazila taratibu kwa ndani, kwa nje unaona kipya. Siku hizi naiminya kwa ukucha na kukikunja kiatu kabla sijatoa hela, ikibaki alama au ikipasuka kidogo naaga. Au nanunua ngozi nzuri soli mbovu, nampelekea fundi viatu abandike na kushona mpya. Mkanda ufanane na kiatu kwa rangi, hilo ni hilo tu.

Singlendi nyeupe ndani ya shati jeupe inaonekana yote, nimeishi miaka 47 bila kujua. Vaa ya kijivu au ya kahawia inayokaribia ngozi yako, inapotea kabisa.

Kufua nako, kama kwenu mnatumia maji ya kisima yenye chumvi kama kwetu, shati zuri litaisha ndani ya miezi mitatu, linakuwa gumu na rangi inapauka. Sisi tunafulia ya kisima ila tunasuuzia ya bomba au ya mvua, na tunaanika kivulini limegeuzwa ndani nje. Jumapili usiku nanyoosha mashati matano kwa mkupuo kabla umeme haujafanya vituko vyake. Shati la elfu nane lililonyooshwa linalishinda la elfu themanini lililotoka kwenye ndoo, hili nalisema kwa uchungu wa ile laki na themanini.

Ile suti bado iko kabatini. Nilimpa kijana wangu wa ofisini, yule wa kesi, akaivaa mara moja akairudisha, anasema inamchoma.

Sasa yule mtoto wa kaka aliyeoa ana mdogo wake, naye kashapata mchumba, Tandika huko. Shangazi yao kanipigia wiki iliyopita, cha kwanza hata salamu hajamaliza, "baba Nasra, utavaa nini?" Nimepeleka kitambaa rangi ya maziwa kwa mzee, Kaunda suti ya pili, posa ni Jumamosi ya wiki ijayo. Kaniambia nirudi Alhamisi, na kwa kuwa namjua nimemwambia posa ni Jumatano.