Vijana wa fildi, zege halisubiri nondo zenu

Wiki hii nimekuta tofali zimemwagwa mbele ya ngazi, tena, na kijana wa fildi, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, yuko pembeni anaandika kwenye daftari kwamba mzigo umepokelewa. Umepokelewa wapi, mwanangu? Fundi apite juu ya kichwa chako? Basi sogeeni niwape habari za Starrett Brothers and Eken, kampuni iliyojenga Empire State, lile ghorofa refu la New York. Picha ya jengo mnaiweka kwenye simu, aliyelijenga hamumjui.

1. Panga pa kushushia kabla hujaagiza. Walianza kuchimba Januari 1930, na tarehe 1 Mei 1931 jengo la ghorofa 102 likafunguliwa. Mtasema walikuwa na mashine. Inasimuliwa kwamba Paul Starrett alipoulizwa na wenye mradi ana vifaa gani, alijibu hana hata sururu: atanunua vinavyoifaa kazi ile, akimaliza ataviuza. Walichokuwa nacho ni mpango. Katikati ya Manhattan, kitovu cha New York, hakuna pa kurundika kitu, kwa hiyo chuma kilitoka viwandani Pennsylvania, kikasubiri New Jersey, kikavushwa kwa tishari, kikaingia saiti kwa zamu, kila kipande na namba ya mahali pake. Tofali zilikuwa milioni 10. Lori lilizimwaga kwenye mlizamu hadi kwenye matangi makubwa ya ghorofa ya chini ya ardhi, zikapakiwa kwenye vibehewa, zikapandishwa kwa winchi, na huko juu vikasukumwa kwenye reli ndogo mpaka alipo fundi. Hakuna aliyeruka rundo.

2. Nondo. Hili lilinipata mimi, na mkinicheka nitawaelewa. Nilikuwa mgeni kama ninyi, nikasikia bei inapanda, nikamshawishi bosi tulete za slabu mbili, zile sakafu za zege za ghorofa, kwa mpigo. Zikaja usiku, mvua inanyesha, nikasaini kwa tochi ya simu na kuwaambia vibarua, "Shusheni popote." Popote pakawa getini. Za milimita 16 zikalala juu ya za 12, na za 8, za ringi zinazofungia nondo kubwa, zikawa chini kabisa ndani ya tope, lebo zimeng'oka. Siku ya kumwaga zege, pampu yake ikakosa pa kusimama. Gari la kwanza la zege likafika, pipa linazunguka, dereva anapiga honi, sisi tunavuta nondo mojamoja kama wavuvi wa juya. Foromani, mzee mpole sana, akanijia na kunong'ona: "Injinia, zege linaanza kukamata." Yaani linaanza kuganda, na likaganda kweli. Tulimwaga nusu asubuhi, nusu jioni, kiungo cha zege la asubuhi na la jioni kikaangukia pale pale ramani ilipokataza, karibu na nguzo. Ikabidi tupabomoe. Bosi hakunifokea hata neno. Alinipa nyundo.

3. Mahudhurio si sahihi ya asubuhi tu. Kule watunza muda waliwazungukia watu mahali pao pa kazi mara nne kwa siku, na siku nyingine watu walizidi 3,400. Nyie vibarua 20 wanawapotea. Na chakula: kampuni iliweka kantini kwenye ghorofa kadhaa ili mtu asishuke hadi chini kwa ajili ya supu. Kwetu saiti nzima inahamia kwa mama ntilie, kurudi ni majaliwa.

4. Msidharau nyumba za kawaida. Kampuni hiyohiyo ilijenga mnara wa 40 Wall Street, kisha ikageukia nyumba za kupangisha: Parkchester kule Bronx, zaidi ya 12,000, halafu Stuyvesant Town. Hapo ndipo unapojifunza kurudia kitu kimoja bila kukiharibu. (Mwenye Stuyvesant Town, kampuni ya bima ya Metropolitan Life, mwanzoni aliwakatalia watu weusi kupanga. Kuta zilinyooka, sera ilipinda.)

5. Ile picha ya mafundi wanaokula wamekaa kwenye boriti angani si ya Empire State, ni ya Rockefeller Center, majengo mengine ya New York, 1932. Acheni kuibandika kwenye ripoti za fildi. Na acheni kuiga mkao ule. Kumbukumbu rasmi za Empire State zinataja vifo 5, enzi ambazo wengi walipanda na kofia za kitambaa. Helmeti tumewapa. Yule anayebebea mihogo ya kukaanga kwenye yake, namjua.