Dipoziti ya Fleti: Mwenye Nyumba Akate Nini na Arudishe Nini

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeishi kwa miaka miwili katika fleti ya vyumba viwili eneo la Ilazo, jijini Dodoma. Wakati wa kuingia nililipa kodi ya miezi sita pamoja na dipoziti ya shilingi 350,000, na mkataba unasema tu kwamba fedha hiyo itarejeshwa iwapo nyumba itaachwa katika hali nzuri. Nilitoa notisi kwa wakati na kukabidhi funguo. Sasa mwenye nyumba anasema dipoziti yote imeishia kwenye kupaka rangi upya, kubadilisha koki za bafuni zilizoganda chumvi na kuweka kioo kipya cha dirisha. Kioo kilivunjwa na mwanangu, hilo silikatai. Je, fedha yangu yote imekwenda?
Mpangaji, Ilazo

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maelezo yako, sehemu kubwa ya fedha hiyo bado ni yako. Dipoziti ni dhamana, si kodi wala zawadi kwa mwenye nyumba, na anayetaka kuikata ndiye anayepaswa kuonyesha ni uharibifu gani uliofanyika na umemgharimu kiasi gani.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mpangaji airudishe nyumba katika hali aliyoikuta, lakini haimlazimishi kutengeneza kile kilichoharibika kwa uchakavu wa kawaida wa matumizi. Rangi iliyofifia baada ya familia kuishi ndani kwa miaka miwili, katika mji wenye upepo na vumbi kama Dodoma, ni uchakavu wa namna hiyo, na mwenye nyumba anayepaka rangi ili ampokee mpangaji mpya anaitunza mali yake mwenyewe. Ingekuwa tofauti kama ukuta ungetobolewa misumari ovyo au kupakwa rangi nyingine bila ruhusa. Koki nazo ziko upande wako. Kila mkazi wa jiji hili anajua jinsi maji ya visima yanavyoacha utando mweupe kwenye koki, masinki na birika za chai, na si haki hata kidogo kumtoza mpangaji kwa sababu ya chumvi iliyomo ndani ya maji ambayo hakuyachagua.

Kioo ni chako, na umefanya vizuri kukiri, kwa kuwa anayekubali deni lake dogo husikilizwa zaidi anapodai haki yake kubwa. Lipa bei ya kioo na ujira wa fundi kwa kiwango cha soko, na udai risiti.

Andika barua fupi yenye tarehe, ukitaja kiasi ulicholipa, siku uliyokabidhi funguo, na kwamba unakubali gharama ya kioo peke yake. Kisha umwombe mchanganuo wa makato mengine pamoja na stakabadhi zake, na umpe muda unaoeleweka, kwa mfano siku 14. Baki na nakala iliyosainiwa kuwa imepokelewa. Ambatisha nakala ya mkataba, ujumbe wa malipo ya simu, picha kama ulipiga, na ankara ya mwisho ya DUWASA iliyolipwa, ili isije ikazuka hoja mpya ya deni la maji. Tazama pia risiti zako za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla: tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa humo, na kwa kuwa mdaiwa wa kodi hiyo ni mmiliki, una haki ya kuiingiza kwenye hesabu kama mkataba haukukutwisha wewe mzigo huo.

Asipojibu, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Madai mengi ya aina hii humalizikia hapo, hasa pale ofisi ya mtaa iliposhuhudia mkataba, na mimi ningeanzia huko kabla ya kutumia nauli na muda wa mahakamani. Ikishindikana, dai lako ni la fedha itokanayo na mkataba, na Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kulisikiliza kwa kiasi kama hicho. Asikutishe mtu kwamba lazima uwe na wakili.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, nimepanga chumba Ng'hong'hona. Naweza kuacha kulipa kodi ya mwezi wa mwisho ili dipoziti ihesabiwe badala yake?
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Bila makubaliano, hapana, utakuwa umevunja mkataba, na mwenye nyumba atakudai kodi huku akiwa bado ameshikilia dhamana. Mwombe mapema, na akikubali aandike, hata kwa ujumbe wa simu. Akikataa, lipa kodi, kisha wiki moja kabla ya kuhama mwombe mkague chumba pamoja, mkiorodhesha kila kasoro kwenye karatasi moja na kuisaini nyote wawili, mbele ya jirani au mjumbe. Funguo zikabidhiwe siku hiyo ya kuhama, na kwenye karatasi hiyohiyo iandikwe tarehe ambayo dipoziti itarudishwa.