Maswali Yenu: Kulitazama Jua kwa Darubini

Nimenunua darubini ya lenzi ya milimita 70. Ndani ya boksi kuna kioo kidogo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, nacho kimeandikwa kuwa ni cha Jua. Kinafaa?

Hakifai, ndugu msomaji. Kivunje leo kabla mtoto hajakichezea. Kioo hicho hukaa karibu kabisa na mahali miale yote inapokusanyika. Lenzi ya milimita 70 ina eneo linalozidi mara 1,000 eneo la mboni ya jicho, ambayo mchana hunywea hadi milimita 2 hivi, na joto lote hilo linaishia kwenye kioo cha upana wa sarafu. Kikishapata moto hupasuka ghafla, na nyuma yake lipo jicho lako. Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haihisi maumivu, kwa hiyo mtu huunguzwa bila kujua, akaja kugundua baadaye kwamba katikati ya kila anachokitazama pana doa.

Kichujio cha Jua hufungwa mbele ya darubini, ili mwanga upunguzwe kabla haujaingia. Nunua filamu maalumu ya Jua yenye wiani wa mwanga 5.0, yaani inayopitisha sehemu 1 tu kati ya 100,000. Ipo pia ya 3.8, ambayo hupitisha mwanga karibu mara 16 zaidi. Hiyo ni ya kamera peke yake, usiiwekee jicho. Picha za eksirei, CD, karatasi za kung'aa za kufungia vyakula na vioo vilivyofukizwa moshi visikaribie darubini: hata vikionekana vyeusi, huenda vinapitisha miale ya infraredi usiyoiona.

Fremu yake unaweza kuitengeneza mwenyewe. Kata utepe wa kadibodi ngumu wenye upana wa sentimita 6, uuzungushe kwenye mdomo wa darubini mara tatu au nne huku ukigundisha, upate pete inayoingia kwa kubana kidogo. Kata pete mbili bapa za kadibodi, tandaza filamu mezani juu ya karatasi laini, kisha uibane katikati ya pete hizo kwa gundi ya utepe ya pande mbili. Usiivute ikakaza kama ngozi ya ngoma. Filamu iliyovutwa hupotosha miale na taswira ikakosa ukali, lakini mikunjo midogo haina madhara yoyote. Ukimaliza, gundisha pete bapa kwenye ile ya kwanza. Kila unapotaka kutazama, inua kichujio mbele ya taa kali ukikague. Kikionyesha tundu au mchaniko, tengeneza kingine.

Fuata mpangilio huu daima: funga kichujio darubini ikiwa imegeuziwa kando, kishikize kwa vipande vitatu vya utepe ili upepo usiking'oe, ondoa kabisa ile darubini ndogo ya kuelekezea (ukisahau kuiondoa itaunguza nguo, nywele au jicho), ndipo ugeukie Jua. Kulilenga ni rahisi: tazama kivuli cha bomba chini na usogeze hadi kiwe kidogo kuliko nafasi zote. Ukimaliza, geuza darubini kando kwanza ndipo uvue kichujio.

Kichujio ninacho, kizuri, cha mbele. Lakini naona duara jeupe tu na ukingo unaotetemeka kama maji yanayochemka. Wenzangu wanasema wanaona "punje" juu ya Jua. Mimi nina darubini ya milimita 100.

Darubini yako inatosha. Kinachokuangusha ni hewa, na pengine fokasi.

Punje ni vichwa vya gesi ya moto inayopanda kutoka chini, ikapoa na kuzama tena pembezoni. Moja ina upana wa kilomita 1,000 hadi 1,500, nayo hudumu dakika 10 hivi kabla ya nyingine kuchukua nafasi yake. Kwa umbali wa kilomita milioni 150, upana huo ni kama sekunde 1.5 hadi 2 za arki (digrii moja ina sekunde 3,600). Darubini ya milimita 100 hutenganisha hadi sekunde 1.2 hivi, ila hewa ya mchana mara nyingi huvuruga kila kitu kilicho chini ya sekunde 2 au 3. Ndiyo maana hata mwenye kioo cha milimita 200 anaweza kukosa punje siku nzima.

Tazama asubuhi, Jua likiwa limepanda vya kutosha kutoka upeo wa macho lakini ardhi haijapata joto. Adui yako mkubwa yuko karibu: lami, saruji, paa la bati, ukuta uliopigwa na jua. Simamisha darubini kwenye nyasi, na kama unaweza kutazama juu ya maji, bora zaidi. Bomba jeusi lifunike kwa kitambaa cheupe, maana hewa inayopata joto ndani yake huharibu taswira sawasawa na ile ya nje.

Anza kwa ukuzaji wa mara 40 au 50, Jua lote likiingia kwenye duara la kutazamia. Tafuta fokasi kwenye ukingo wa doa jeusi la Jua, si kwenye ukingo wa Jua unaocheza. Kisha panda hadi mara 100 au 120. Jifunike kichwa na lenzi ya jicho kwa kitambaa cheusi, maana mwanga wa pembeni humnyang'anya mtu sehemu kubwa ya anachoweza kuona. Halafu subiri. Hewa hutulia kwa sekunde moja au mbili, uso wote wa Jua unageuka kama mchele uliomwagwa, kisha unafutika. Sukuma darubini polepole sana: jicho hulitambua umbo hafifu upesi likiwa linatembea. Kichujio cha kijani kwenye lenzi ya jicho husaidia, mradi kile cha mbele kipo mahali pake.

Nitajuaje kama ninachokiona ni doa la Jua au ni uchafu?

Zungusha lenzi ya jicho. Kikizunguka nayo ni vumbi. Kikitembea pamoja na Jua, ni doa.

Doa moja lilikuwa na kiini cheusi katikati ya utando wa kijivu. Lilipofika ukingoni utando ukawa mpana upande mmoja tu, na kando yake pakatokea mistari myeupe. Nini hicho?

Umeona mambo mawili mazuri kwa mpigo. Kiini cheusi ni umbra na utando wa kijivu ni penumbra. Umbra ina joto la nyuzi Selsiasi 3,500 hadi 4,000 hivi, na uso unaoizunguka karibu 5,500. Sumaku yenye nguvu huizuia gesi ya moto isipande hapo. Weusi wake ni wa kulinganisha tu, maana umbra hiyo ingekuwa peke yake angani ingeng'aa.

Utando kubanwa upande ulio karibu na katikati ya Jua kuligunduliwa na mwanaastronomia Alexander Wilson mwaka 1769. Ndani ya doa gesi hupenyeza mwanga zaidi, kwa hiyo macho yetu huingia chini zaidi kuliko pembeni, na doa likitazamwa kwa mshazari huonekana kama bakuli lililoinamishwa. Mistari myeupe ni fakula, sehemu angavu ambazo nazo zinatokana na sumaku. Katikati ya Jua hazionekani kwa urahisi. Ukingoni uso wenyewe hufifia, kwa kuwa pale tunaona tabaka za juu zilizopoa, ndipo fakula zinapojitokeza.

Tuko kikundi. Tunaweza kuliangazia Jua kwenye karatasi ili wote waone?

Mnaweza, kwa darubini ya lenzi, na mzibe mdomo wake ubaki na uwazi wa milimita 50 au 60. Msitumie kabisa zile fupi zenye kioo na lenzi pamoja (Schmidt-Cassegrain na Maksutov), kwani joto hujikusanya ndani na kuharibu vipande. Lenzi ya jicho iwe ya aina rahisi, isiyo na plastiki wala vioo vilivyogundishwa, maana gundi hupasuka. Geuzeni darubini kando kila baada ya dakika moja au mbili ipoe, na mtu mmoja asibanduke pale: mtoto akichungulia ataumia papo hapo.

Chora duara la milimita 150 kwenye karatasi, lijaze Jua, kisha weka alama za madoa. Mota inayoifanya darubini ifuate Jua ikizimwa, madoa hutembea kuelekea magharibi, nawe umepata dira. Baada ya siku chache mtaona Jua likizunguka: doa huvuka uso wake kwa siku 13 hivi.

Nawasihi pia mhesabu madoa. Kanuni ya mwanaastronomia Rudolf Wolf ya mwaka 1848 bado inatumika: zidisha idadi ya makundi kwa 10, ongeza idadi ya madoa. Makundi 3 yenye madoa 14 ni 44. Doa moja pweke ni 11. Tumieni darubini ileile na ukuzaji uleule kila siku, vinginevyo namba zenu hazilinganishiki.

Je, kwa filamu yangu nitaona zile ndimi za gesi ukingoni?

Hutaziona. Mwanga wake huzama ndani ya mng'ao wa uso. Zinahitaji darubini ya H-alfa, inayopitisha ukanda mwembamba wa nanomita 0.07 au chini ya hapo kwenye nanomita 656.28, rangi nyekundu ya hidrojeni. Vichujio vya H-alfa vya kupigia picha nebula (mawingu ya gesi kati ya nyota) usiku, vyenye ukanda wa nanomita kadhaa, vina jina hilohilo lakini havikingi jicho hata kidogo dhidi ya Jua. Ukipata darubini yenyewe, zungusha kirekebishi chake taratibu huku ukitazama. Mwanga wa gesi inayokujia hubadilika mawimbi kidogo, na ulimi usioonekana kwenye alama moja unaweza kung'aa kwenye alama ya jirani.