Maswali na majibu: Majani ya porini kwenye birika

Sisi ni warina asali wa Sikonge. Kambini majani ya chai yakiisha tunachuma yoyote yenye harufu nzuri, tunachemsha sana. Moto si unaua sumu?

Moto unaua vijidudu. Sumu ya mmea ni habari nyingine: nyingi hazivunjiki kwa kuchemshwa, tena maji ya moto ndiyo yanayozitoa kwenye jani. Tazameni ukoo wa marejea, yale ya maua ya njano yanayorutubisha shamba. Aina nyingi za ukoo huo zina sumu inayoziba mishipa midogo ndani ya ini. Kule Jamaika chai za mimea hiyo ziliwavimbisha watoto ini na kuwajaza maji tumboni. Madaktari waliueleza ugonjwa huo mwaka 1954. Ubaya ni kwamba mtu aweza kunywa wiki kadhaa akijiona mzima, huku akiwasifia wenzake chai yake. Bebeni mchaichai mkavu kutoka nyumbani.

Shikamoo daktari. Bibi anampa mwanangu mwenye pumu chai ya mnanaha. Nimkatalie? (Mama, Kasulu)

Marahaba. Mkatalie, kwa heshima zote. Bibi hajatunga uongo: mnanaha una atropini, ambayo kweli hulegeza njia za hewa, na zamani wenye pumu walivuta moshi wake. Tatizo ni kipimo. Hospitalini atropini hupimwa kwa miligramu, ilhali mche mmoja wa mnanaha waweza kuwa mkali kuliko ulio jirani yake, na birikani huwezi kujua. Ikizidi, mdomo hukauka, mboni hutanuka, moyo huenda mbio, mkojo hugoma, kisha mtoto huanza kuweweseka. Hapo ndipo wengine husema karogwa, na saa za kumwokoa zinapotea. Mtoto wako anahitaji pampu ya pumu.

Mjamzito anywe mwarobaini?

Hapana. Na mafuta yake usimnyweshe mtoto mchanga. Yamewahi kuleta degedege na vifo.

Mtu keshakunywa, tumpe maziwa? (Kijana, Urambo)

Msimpe maziwa, wala msimtie kidole kooni. Akiwa amelegea, matapishi yataingia mapafuni. Mkimbizeni kituo cha afya. Ng'oeni mche mzima, pamoja na maua na matunda, mwende nao, na mabaki ya birika msiyamwage. Mtaulizwa alikunywa saa ngapi na vikombe vingapi. Msione haya kusema ni dawa ya kienyeji: tiba asili ina sheria yake tangu 2002, na mkificha mnamwacha daktari abahatishe.