Mkuu wa chuo ambaye chuo kilimkataa

Swali lenu la wiki hii: ni nani aliyefungiwa mlango wa shule, kisha akaja kuwa mwalimu wa watu? Najua wengi watawataja wanasiasa wa kwetu. Mimi nampeleka msomaji Afrika Magharibi, kwa Edward Wilmot Blyden, mchungaji wa Kipresbiteri aliyekuwa mkuu wa Chuo cha Liberia.

Alizaliwa mwaka 1832 huko St. Thomas, kisiwa cha Karibi kilichokuwa mikononi mwa Wadenmark. Wazazi wake walikuwa waungwana, si watumwa: baba mshonaji, mama mwalimu. Mtoto alitiwa kwenye ushonaji, ila mchungaji mmoja Mmarekani, John Knox, alimwona ana kichwa chepesi, na mwaka 1850 akamfanyia mpango wa kusomea uchungaji Marekani. Chuo cha Rutgers kikamkataa kwa sababu ya rangi yake. Vyuo vingine viwili vikamkataa vilevile. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria kali ya kuwakamata watumwa watoro, kwa hiyo mtu mweusi, hata awe muungwana, hakuwa na hakika kwamba atalala pale alipoamkia. Kijana akapanda meli, akafika Januari 1851 Monrovia, mji mkuu wa Liberia, nchi iliyoanzishwa na walowezi weusi kutoka Marekani.

Aliyofundishwa darasani huko yaliishia sekondari. Mengine alijifundisha. Alijifunza Kiebrania ili aisome mwenyewe ile habari ya Biblia ya laana ya Hamu, mwana wa Nuhu, ambayo wenye watumwa walikuwa wakiitumia kama hati ya shamba. Akabarikiwa uchungaji mwaka 1858, na miaka michache baadaye alikuwa akifundisha Kigiriki na Kilatini katika Chuo cha Liberia. Hakuwahi kuwa mwanafunzi wa chuo chochote.

Kinachonivuta zaidi ni Kiarabu chake. Blyden aliona kuwa bara, nyuma ya mji wa walowezi, kuna Waislamu weusi wanaosoma na kuandika bila kufundishwa na mmisionari hata mmoja. Sisi wa pwani hilo halitushangazi, maana wazee wetu waliandika tenzi kwa herufi hizohizo. Kwa mchungaji wa enzi ile lilikuwa jambo zito. Mwaka 1866 akasafiri hadi Lebanon kusoma Kiarabu, na njiani akapitia Misri. Kwenye piramidi kubwa alichonga jiweni neno LIBERIA, na chini yake jina lake na tarehe: 11 Julai 1866. Leo walinzi wa mambo ya kale wangemkamata, na wangekuwa na haki. Lakini naiona ile mikono iliyofundishwa kushika sindano ikikwangua jiwe, herufi baada ya herufi, kana kwamba anasaini daftari la mahudhurio.

Alipokabidhiwa ukuu wa chuo mwaka 1880, alikuwa na la kusema. Katika hotuba yake ya Januari 1881 alitaka Kigiriki, Kilatini, hisabati na Biblia vibaki, viongezwe Kiarabu na lugha za Waafrika wenyewe. Historia ya Ulaya ya karne za karibuni alitaka ipunguzwe, kwa kuwa ndizo karne zilizozaa biashara ya watumwa ng'ambo ya Atlantiki, pamoja na nadharia za kumdharau mtu mweusi. Alitaka hata chuo kihame Monrovia kiende bara. Nasoma hayo nikikumbuka kwamba sekondari nilikariri orodha ya wafalme wa Uingereza kabla sijajua nani alitawala Kilwa.

Sasa doa zake, maana sitaki kumpaka mafuta. Chuo hakikuhama. Alikuwa mkuu na papo hapo waziri wa mambo ya ndani, na mshika mawili moja humponyoka: mwaka 1884 alikuwa ameshaondoka. Machotara aliwachukia kwa maneno makali yasiyofaa kutoka kinywani mwa mchungaji. Na utawala wa Waingereza aliukaribisha, akidhani ni wageni watakaotufungulia njia kisha waende zao. Kuona mbali alijua. Kuendesha ofisi na kukaa na watu kulimshinda.

Hata hivyo, nadhani Rutgers walimfaa bila kukusudia. Wangempa shahada, na pamoja nayo wangempa adabu ya kunyamaza.

Mwaka 1886 alijiuzulu uchungaji wa Kipresbiteri, akajiita mhudumu wa ukweli. Uzeeni alisimamia elimu ya watoto wa Kiislamu huko Sierra Leone, na akafia Freetown Februari 1912. Ibada ya mazishi ilikuwa ya Kikristo. Jeneza lilibebwa na Waislamu, kutoka nyumbani kwake hadi kanisani.

Msomaji wenu, Tanga