Usiziite gundi: kwa nyinyi mnaoanza kusoma ubongo

Nyinyi mlioripoti juzi na mko karibu kuanza niuro, kaeni hapa kidogo, juu kuna kitu mimi nilikisoma vibaya karibu mwaka mzima na sitaki mpitie hapo hapo. Hiyo kitu ni glia, zile seli za ubongo zinazofanya kazi kando ya niuroni, na niuroni ndizo zinazopeleka ishara. Kwa noti nyingi zinazozunguka hapa Kisumu zinapewa nusu ukurasa, zinaitwa gundi ya ubongo, basi, tunarudi kwa niuroni. Jina lenyewe ni kweli linatokana na gundi kwa Kigiriki, Rudolf Virchow ndiye alilianzisha miaka ya 1850, lakini hakuna mtu anafaa kuendelea kuzisoma hivyo leo. Na mkiambiwa ziko mara 10 ya niuroni msiandike, hesabu iliyotoka Brazil 2009 ilipata niuroni kama bilioni 86 na zile seli zingine zote pamoja karibu idadi hiyo hiyo.

Mimi nilibadilishwa na mama mmoja kliniki ya macho. Alikuja na msichana wake wa miaka 4, alizaliwa na mtoto wa jicho upande mmoja, na mahali alienda kwanza aliambiwa asubiri mtoto akomae ndio apasuliwe. Akasubiri. Siku tunamwona alikuwa ameshafanyiwa oparesheni, jicho limetoka safi kabisa, unamulika tochi unaona hadi ndani vizuri, lakini tukifunika lile lingine mtoto anapapasa meza akitafuta kikombe kilicho mbele yake. Mama akaniuliza, daktari, kama mmetoa ule weupe, mbona haoni? Nilinyamaza. Nilikuwa na jibu la mtihani, watafiti Hubel na Wiesel, paka waliofungwa jicho moja wakiwa wadogo na baadaye hawakuona nalo, Nobel 1981, yote nilikuwa nayo kichwani na hakuna hata moja ningeweza kumwambia yule mama kwa lugha anayoelewa.

Jioni nikarudi vitabuni na ndio nikaanza kuelewa venye kazi inafanyika. Kwetu ukipanda mahindi unaweka mbegu mbili tatu kwa shimo, yakishaota unang'oa mengine ile iliyo na nguvu ibaki. Ubongo wa mtoto unafanya hivyo na sinapsi, yaani mahali niuroni zinaungana, zinapandwa nyingi kuliko zinazohitajika halafu zinapunguzwa, na anayepanda na anayepunguza si niuroni peke yake. Kuna astrosaiti, aina moja ya glia, hizi zinatoa protini kama thrombospondini zinazofanya niuroni zianze kushikana, maabara ya Ben Barres Marekani ndiyo ilionyesha hiyo 2005. Halafu kuna maikroglia, aina nyingine ya glia, hizi asili yake ni mfuko wa kiini cha yai wa kiinitete (yolk sac) wala si tishu ya neva, zinaingia ubongoni mapema sana mtoto akiwa bado tumboni. Sinapsi iliyo dhaifu inawekewa alama na protini za komplimenti, ndio hizo hizo mlisoma kwa imyunoloji zikiwekea bakteria alama, na maikroglia inakuja kuila. Mwaka wa 2012 ilionekana wazi kwa panya wachanga, kwenye njia ya macho kabisa, na zile za jicho lisilofanya kazi sana ndizo zilikuwa zinaliwa zaidi.

Someni hiyo sentensi ya mwisho tena. Jicho lenye mtoto wa jicho halitumi habari ya maana, kwa hivyo waya zake za neva zinapoteza nafasi na za jicho zima zinachukua lile shamba lote.

Na kuna kufunga mlango, yaani kumaliza kile kipindi ubongo unabadilika kwa urahisi. Hapa ndipo wengi hawafiki. Mtoto akiendelea kukua astrosaiti zinakomaa, oligodendrosaiti, glia zingine, zinafunika waya kwa maielini, ile ala ya mafuta, nyavu za protini na sukari zinazunguka niuroni fulani, na ule wepesi wa kubadilika unapungua. Mwaka wa 1989 watafiti walichukua astrosaiti changa wakazipandikiza kwa ubongo wa paka mkubwa, na upande wa kuona ukaanza kubadilika tena kama wa paka mdogo. Mimi hiyo ilinikosesha usingizi kwa kweli, seli ya kuitwa gundi inarudisha utoto! Na 2021 kwa panya ikaonyeshwa kwamba astrosaiti zikishakomaa zinachangia kufunga hicho kipindi.

Sasa vile mtasoma. Msikariri orodha ya majina, chukua kitu kimoja kama jicho, jiulize nani amepanda, nani ameng'oa, nani amefunga, chora. Kwa maabara ya histolojia msidanganywe na slaidi ya rangi ya kawaida, pale mtaona nukta tu za zambarau katikati ya niuroni kubwa na mtadhani hakuna kitu. Ni juu ile rangi inashika kiini na matawi hayaonekani. Ombeni slaidi iliyotiwa rangi kwa fedha, ile njia Pío del Río Hortega alitumia 1919 kutambua maikroglia, mtaona matawi membamba yamesambaa kila upande, na mkishaona hamtarudi kuziita nukta.

Na mkifika wodi ya akina mama, mulika macho ya kila mtoto mchanga. Kila mmoja. Ukiona weupe kwa mboni mpeleke wiki hiyo hiyo, juu hata uvimbe wa kansa unaweza kuonekana hivyo, na kama ni mtoto wa jicho mzito upande mmoja oparesheni inatakiwa ndani ya wiki 6 hivi za kwanza. Hospitali ya macho ya Sabatia pale Vihiga si mbali.

Yule mama nilimwambia hivi: jicho limepona, lakini ubongo uligawa shamba lake kwa jicho lingine, tunajaribu kulirudisha. Aliporudi aliniambia anafunika jicho zima kila siku habari za saa saba zikianza redioni, mtoto analia, anamwekea maharagwe kwa sinia ayachague moja moja na lile dhaifu. Mwezi huo alikuwa ameanza kuona yale meusi.